Mtaji Ulio Mfukoni mwa Mteja: Biashara ya Programu ya Mtu Mmoja Isiyotegemea Wawekezaji

Biashara ya programu za kompyuta, ambayo mazungumzo yake kwa kawaida huachiwa mafundi wenyewe, inafaa kujadiliwa mbele ya hadhira yenye wachumi, wanasheria na wahasibu pia. Maandishi haya yamehifadhi mpangilio wa mhadhara kama ulivyotolewa, pamoja na maneno machache yaliyoelekezwa moja kwa moja kwa wasikilizaji.

Kusudi la mhadhara ni kueleza namna mtu mmoja anavyoweza kuanzisha na kukuza biashara ya programu bila mkopo na bila mwekezaji, na kuonyesha mahali ambapo njia hiyo inakoma. Biashara inayojigharimia, kwa maana inayotumika hapa, ni ile ambayo fedha za kuiendesha hutoka kwanza katika akiba au mshahara wa mwanzilishi, kisha katika malipo ya wateja, bila mtu wa nje kupewa hisa, yaani sehemu ya umiliki. Dai kuu ni kwamba katika biashara ya namna hii vipo vitu viwili adimu, navyo ni fedha za wateja na saa za mwanzilishi. Cha kwanza kinaweza kuongezeka mwaka hadi mwaka, cha pili hakiongezeki hata kwa dakika moja, na kwa hiyo kukua maana yake ni kuongeza cha kwanza bila kukimaliza cha pili. Hoja sita zitatolewa kuunga mkono dai hilo, na wasikilizaji wasishangae zikipishana sana kwa urefu, kwa sababu hazilingani kwa uzito.

Hoja ya kwanza: njia hii ina historia

Wapo wanaodhani kwamba biashara ya programu ya mtu mmoja ni zao la intaneti ya kasi na simu za mkononi, ilhali mfano wake kamili ulikwisha kuonekana mwaka 1982, kompyuta binafsi ya IBM ikiwa haijatimiza miaka miwili sokoni. Jim Knopf, mfanyakazi wa IBM katika jimbo la Washington nchini Marekani, alikuwa ameandika kwa matumizi yake mwenyewe programu ya kutunza orodha za majina na anwani, akawagawia wenzake, na maombi ya marekebisho yalipomzidi akaweka ndani ya programu ujumbe uliomwomba mtumiaji atume dola 10 kwa hiari, huku akiruhusiwa kuinakili na kuwapa wengine. Wakati huohuo Andrew Fluegelman wa California alikuwa akifanya jambo lilelile kwa programu ya mawasiliano aliyoiita PC-Talk. Wawili hao walipofahamiana, Knopf aliipa yake jina la PC-File na kupandisha kiwango hadi dola 25 ili kilingane na cha mwenzake. Mwaka 1984 Knopf aliacha kazi IBM, kwa kuwa bahasha za malipo zilizofika kwake kwa posta zilikuwa zinaleta mapato yaliyoupita mshahara wake kwa mbali.

Sababu ya kiuchumi iliyowezesha jambo hilo haijabadilika tangu siku hizo. Seremala akiuza kabati la pili hana budi kununua mbao nyingine, lakini mwandishi wa programu akishaimaliza nakala ya kwanza, nakala ya pili na ya elfu moja humgharimu karibu na sifuri. Gharama yote iko mwanzoni, nayo kwa sehemu kubwa ni muda. Mtu mwenye ujuzi na jioni zilizo huru tayari anayo sehemu kubwa ya kile ambacho viwanda vingine hukiita mtaji.

Hoja ya pili: uhitaji mwembamba hufaa kuliko soko pana

Mwezi Julai 2006 Patrick McKenzie, Mmarekani aliyekuwa mwajiriwa nchini Japani, alianza kuuza programu iliyoitwa Bingo Card Creator, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi za bingo kwa walimu wa shule za msingi. Bingo ya darasani ni mchezo ambao mwalimu hutaja maneno na watoto huyatafuta na kuyafunika katika kadi zao. Kwa kuwa kila mtoto sharti apewe kadi yenye mpangilio wake, kuziandaa kwa mkono kadi 30 kunamlia mwalimu jioni nzima. Bajeti ya kuanzia ilikuwa dola 60. Programu hiyo ilimletea mapato ya pembeni kwa miaka kadhaa, na kufikia mwaka 2010 mwanzilishi alikuwa ameachana na ajira.

Msomi anaweza kucheka kwamba huo ni uhitaji mdogo mno, na ni kweli, lakini udogo huo ndio uliomlinda. Kampuni kubwa isingepoteza muda kushindania walimu wa bingo, na walimu wenyewe walikuwa rahisi kuwafikia, kwa sababu anayetafuta kadi za bingo katika intaneti huandika maneno yaleyale ya wazi, na anayeandika maneno hayo amekwisha kusema mwenyewe kwamba yeye ni mteja. Mwanzilishi asiye na fedha za matangazo hawezi kuwafundisha watu kutamani kitu kipya; anachoweza ni kusimama mahali ambapo watu wanapita wakitafuta kitu wanachokijua. Kipimo kizuri cha uhitaji, kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, ni kuuliza mtu anaitatua vipi shida hiyo leo: akijibu kwamba ana daftari, au amemwajiri kijana wa kujaza takwimu, au hukesha kila mwisho wa mwezi, basi tayari analipa, ingawa hajui kwamba analipa.

Hoja ya tatu: bei ni uamuzi kuhusu saa

Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa, na mfano bora ni Tarsnap, huduma ya kuhifadhi nakala za akiba za mafaili, iliyoasisiwa na Colin Percival wa Kanada, ambaye alianza kuijenga mwaka 2006 na kuifungua kwa umma mwaka 2008. Mafaili husimbwa kwa siri katika kompyuta ya mteja kabla hayajatumwa, kiasi kwamba mwenye huduma mwenyewe hawezi kuyasoma. Malipo ni ya kutangulia: mteja huweka fedha katika akaunti, nazo hupungua kadiri anavyotumia, utaratibu ambao mtumiaji yeyote wa umeme wa LUKU ataufahamu bila kuelezwa. Bei hutajwa kwa sehemu za trilioni za dola kwa kila baiti, na mwaka 2014 ilishuka kutoka sehemu 300 hadi 250, ambazo ni sawa na senti 25 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi.

Mwaka huohuo McKenzie, yule wa kadi za bingo, ambaye sasa alikuwa mshauri wa biashara za programu, alichapisha makala ndefu akiikosoa bei hiyo. Alisema kwamba kampuni zinazotegemea Tarsnap kwa data nyeti zingeweza kulipa mara nyingi zaidi bila kulalamika, kwamba hesabu za sehemu za trilioni zinamfanya meneja wa kawaida ashindwe kukadiria gharama, na kwamba viwango vichache vya ada ya mwezi vingeleta mapato makubwa kwa kazi ileile. Percival, ambaye ni mwanahisabati kwa mafunzo, hakuufuata ushauri huo kwa sehemu kubwa.

Nani alikuwa na haki? Mhadhara huu unaona kwamba mkosoaji alikuwa sahihi kuhusu biashara, na mwenye mali alikuwa sahihi kuhusu umiliki. Mtu anayemiliki kampuni yote hawajibiki kwa yeyote kupata faida ya juu kabisa, na akipendelea bei inayofuata gharama kuliko bei inayofuata uwezo wa mnunuzi, hiyo ni haki yake, nayo ni tunda mojawapo la kukataa wawekezaji. Hata hivyo haki hiyo ni ya aliyekwisha kufika. Anayeanza akiweka bei ya chini kwa kuona haya, anajilazimisha kutafuta wateja wengi ili apate riziki, na kila mteja, hata alipe kidogo kiasi gani, huleta maswali, malalamiko na namba za siri zilizosahauliwa. Bei ya chini hununua wateja kwa saa ambazo mwanzilishi hana.

Mfano wa pili wa bei ni Pinboard, huduma ya kuhifadhi anwani za kurasa za intaneti, iliyofunguliwa na Maciej Ceglowski mwaka 2009, mwanzoni pamoja na mwenzake na baadaye akiwa peke yake. Ada ya kujiunga ililipwa mara moja, na ilipanda kwa sehemu ya kumi ya senti kila mtu mpya alipoingia, hivi kwamba aliyekuwa wa 5,000 alilipa takriban dola 5. Ulikuwa ubunifu wa kupendeza: ulimhimiza anayesitasita aingie mapema, na kwa kuwa hakuna aliyeingia bure, matapeli wa matangazo walikaa mbali. Udhaifu wake ni kwamba malipo ya mara moja hayawezi kugharimia huduma isiyo na mwisho, na mwaka 2015 wateja wapya walianza kutozwa ada ya kila mwaka, dola 11.

Kisa cha Pinboard kinafaa pia kwa wale wanaosema kwamba bila fedha za wawekezaji au mgongo wa kampuni kubwa huduma haiwezi kudumu. Mshindani wake mkubwa, Delicious, alikuwa wa bure na mwenye watumiaji wengi mno. Alinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, na Desemba 2010 habari zilipovuja kwamba Yahoo ilikusudia kuachana naye, watumiaji walikimbilia Pinboard kwa wingi. Delicious alipita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na mwaka 2017 Ceglowski alimnunua kwa dola 35,000, akimwacha aweze kusomwa tu bila kuongezewa kitu.

Hoja ya nne: dari ya ukuaji hutokana na wanaoondoka

Wahasibu waliomo ukumbini watavumilia hesabu nyepesi, kwa sababu bila hiyo hoja hii haieleweki. Ichukuliwe kwa mfano kwamba programu inalipiwa shilingi 15,000 kwa mwezi, kwamba kila mwezi wanajiunga wateja wapya 10, na kwamba asilimia 5 ya waliopo huondoka kila mwezi. Mwanzoni biashara inaonekana kukua vizuri, kwa kuwa asilimia 5 ya wateja wachache ni karibu na sifuri. Lakini wateja wakifika 200, asilimia 5 ni watu 10, idadi ileile ya wanaoingia, na hapo ukuaji unasimama kabisa, hata mwanzilishi akifanya kazi kwa bidii ileile. Mapato yanakwama kwenye shilingi milioni 3 kwa mwezi.

Waanzilishi wengi, wakifika penye dari hiyo, huongeza matangazo. Kupandisha wanaoingia kutoka 10 hadi 20 kutainua dari hadi wateja 400, ila wapya 20 wengine wanapaswa kutafutwa kila mwezi, maisha yote ya biashara. Kupunguza wanaoondoka kutoka asilimia 5 hadi 2.5 kunaleta dari ileile ya 400, na kazi yake mara nyingi hufanywa mara moja tu: kurekebisha hatua ya mwanzo inayowachanganya wateja, kuwakumbusha wanaosahau kulipa, kuondoa hitilafu inayowakera. Vilevile, kwa kiwango cha asilimia 5, mteja wa wastani hukaa miezi 20 na kulipa jumla ya shilingi 300,000. Ni upumbavu kutumia 200,000 kumpata, si kwa sababu faida haipo, bali kwa sababu itachukua zaidi ya mwaka mmoja fedha hizo kurudi, na biashara isiyo na mwekezaji haina mahali pa kukopa mwaka huo. Dawa inayojulikana ni kumpa mteja nafuu akilipa mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo mteja mwenyewe anakuwa mkopeshaji asiyedai riba.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la biashara hii halihitaji zaidi ya safu tatu kwa kila mwezi: walioingia, walioondoka, na fedha zilizofika benki. Anayeandika jumla ya watu waliojisajili tangu siku ya kwanza anajifariji.

Hoja ya tano: saa za mwanzilishi zina hesabu yake

Ikiwa kila mteja anahitaji kwa wastani dakika 12 za msaada kwa mwezi, wateja 200 watakula saa 40, ambazo zinavumilika. Wateja 800 watakula saa 160, yaani mwezi mzima wa kazi, na programu haitaongezewa hata kitufe kimoja. Dakika hizo zikishushwa hadi 3, wateja 800 wanarudi kwenye saa 40. Kwa hiyo barua pepe ya mteja isihesabiwe kuwa kero ya kujibiwa na kusahauliwa, kwa kuwa ni taarifa kwamba mahali fulani programu imeshindwa kujieleza. Swali likija mara ya tatu, dawa yake ni kubadilisha programu, si kunakili jibu la jana.

Mike Perham wa Marekani, mwandishi wa Sidekiq, ameipeleka kanuni hii mbali kuliko wengi. Sidekiq hupanga na kutekeleza kazi za nyuma ya pazia, kama vile kutuma barua pepe, kwa tovuti zilizoandikwa kwa lugha ya Ruby. Toleo la msingi lililotolewa mwaka 2012 ni la bure na msimbo wake uko wazi, na matoleo yenye uwezo zaidi hulipiwa. Wateja wake ni waandishi wa programu wenzake, watu wanaosoma maelezo kabla ya kuuliza, na programu yenyewe huendeshwa katika seva za mteja, kwa hiyo seva zikizimika usiku wa manane anayeamshwa ni mwingine. Kuchagua aina ya bidhaa ni kuchagua pia nani ataamshwa.

Hoja ya sita: mipaka

Hoja hii ni fupi lakini ni nzito. Mwezi Januari 2011 iligundulika hitilafu ya usimbaji katika baadhi ya matoleo ya Tarsnap, hitilafu ya aina ambayo katika huduma ya usalama ni aibu kubwa. Percival aliitangaza hadharani, akaeleza chanzo chake kwa kina, akatoa toleo lililorekebishwa, na mwaka huohuo akaanza kuwalipa watu wanaogundua makosa katika msimbo wake, hata yale madogo ya tahajia. Mtu mmoja hana mwenzake wa kumkagua, na kama hatanunua macho ya wengine, wateja watayagundua makosa kwa njia ya maumivu. Naye Knopf, ambaye biashara yake ilikuwa imekua hadi kuajiri watu, alipata mshtuko wa moyo na kustaafu mwaka 1992, na mali nyingi za kampuni zikauzwa. Mteja ana haki ya kujua data yake itakuwa wapi mwanzilishi akilazwa hospitalini, na jibu la chini kabisa ni njia ya kuitoa data yote kwa kubofya mara moja, pamoja na mtu mwaminifu aliyeachiwa funguo na maelekezo yaliyoandikwa. Programu ambazo kusimama kwake kwa saa moja kunahatarisha uhai wa mgonjwa si za mtu mmoja, na anayezichukua peke yake kwa ujasiri anastahili kuzuiwa.

Yaliyo mbele

Inabaki kutazama Afrika Mashariki. Tatizo la kukusanya malipo madogo, ambalo Knopf alilitatua kwa posta, hapa lilikwisha kupata jibu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu mwaka 2017, Safaricom ilipofungua mfumo wa Daraja, mwandishi wa programu nchini Kenya anaweza kuunganisha malipo hayo na programu yake mwenyewe. Malipo ya simu kwa desturi humtaka mteja aingize namba ya siri kila anapolipa, na kila ombi la namba hiyo ni nafasi ya kuahirisha. Kwa sababu hiyo ada ya mwaka, inayoombwa mara moja, inafaa huku pengine kuliko Marekani. Kuna pia jambo ambalo vitabu vya huko havilizungumzii: seva hukodishwa kwa dola ilhali mapato ni shilingi, na shilingi ikishuka gharama hupanda bila mteja mmoja kuongezeka. Bei ikadiriwe ikiwa na nafasi ya kuhimili hilo.

Sheria nazo zimeanza kumtambua mfanyabiashara huyu wa peke yake. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inaruhusu kampuni binafsi kuwa na mwanachama mmoja, wakati sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinamwekea anayetunza majina na namba za watu wajibu ambao haupungui kwa sababu yuko peke yake. Nao uhitaji mwembamba uliotajwa awali uko kila mtaa: mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa anayekesha na madaftari, shule binafsi inayofuatilia karo, duka la dawa lisilojua dawa zipi zinakaribia kuisha muda. Wengi wao hufanya kazi kwa Kiswahili, na programu zinazouzwa kwao mara nyingi huja kwa Kiingereza.

Ombi moja linaelekezwa kwa vyuo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kompyuta huwasilisha mradi ambao, baada ya kupewa alama, haufunguliwi tena. Inapendekezwa aruhusiwe, akitaka, kuwasilisha badala yake programu ndogo yenye wateja watatu wanaolipa, pamoja na daftari la walioingia, walioondoka na fedha zilizopokelewa, na kwamba katika jopo la kumtahini akae mhasibu mmoja.